Singo ya Bi Zaina

Jumapili, 10 Agosti. Malindi

Sauti ya kidonge kikipasua bati la pakiti yake. Tak. Ndogo kuliko njugu inayovunjwa kwa meno, lakini ndiyo inayobaki kichwani mwangu. Mara ya kwanza, mwezi wa Aprili, nilidhani nyumba nzima imeisikia. Hakuna aliyegeuka.

Kimoja baada ya chai. Lazima na chakula chenye mafuta, alisema daktari, ndipo dawa iingie mwilini. Basi mahamri na mbaazi za nazi. Mama anafurahi kuwa siku hizi nala vizuri. Hajui sababu.

Mwezi wa tano sasa. Uso umekuwa mtupu. Miaka kumi na moja ya chunusi, zile kubwa za ndani kwa ndani zinazouma hata ukilaza shavu kwenye mto, na leo hakuna kitu. Midomo tu imekauka na kubambuka. Najitazama kwenye kioo na furaha niliyoitarajia siioni. Ni kama uso wa kuazima.

Pakiti naificha kwenye mfuko wa koti la kazini. Kila tundu la kidonge limechorwa mwanamke mja mzito aliyepigwa mstari. Dawa hii ni ya jamaa ya vitamini A, na ikimkuta mtoto tumboni humharibu. Daktari alinieleza mara mbili, akanitaka nitie saini. Asiyesoma maelezo ataona picha tu. Atasema mwari anameza dawa za kuzuia uzazi kabla hata hajaolewa.

Nikaha ni Ijumaa, 12 Septemba. Anwar, mchumba wangu, anafundisha hesabu Mambrui. Alikuja kuniona Julai, na uso anaoujua ni huu. Mpango wangu: nimeze mpaka wiki ya harusi, niache, nikachome sindano ya kupanga uzazi kimya kimya mpaka ule mwezi wa kungoja kabla ya kushika mimba upite. Asijue.

Nimeliandika hilo bila kufuta neno.

Alhamisi, 14 Agosti. Kibarani

Siku za kazi nalala hapa Kibarani, Kilifi, chumba kimoja, dakika kumi na tano kwa miguu hadi maabara ninakofanya kazi. Leo nimeamka na bato jekundu kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Upana wa kiganja. La moto. Linawasha kuliko linavyouma.

Nilidhani mdudu. Mchana likawa limepanda hadi chini ya goti. Ngozi imevimba na kuwa na vitundu, kama ganda la chungwa.

Kliniki ya jirani wamesema ni maambukizi ya bakteria chini ya ngozi. Dawa siku saba. Homa sina. Nimewaambia sina homa. Wameandika tu.

Hawakuuliza kama nameza kitu kingine. Sikusema.

Jumatano, 20 Agosti. Kibarani

Mguu umenywea. Pale palipokuwa pekundu pamebaki rangi ya kijivu inayoelekea kijani, kama alama ya pigo la zamani.

Leo nilijitoa damu, nikaipaka kwenye kioo, nikaitia rangi, nikaiweka chini ya hadubini. Nimewahesabia maelfu ya watu damu zao na sijawahi kujihesabu. Eosinofili kila nilipotazama. Seli nyeupe za damu zenye punje za rangi ya chungwa, zinazopendeza kusema kweli. Kwa mtu mzima utaziona mbili tatu katika mia. Zangu nilipofika ishirini na moja niliacha.

Kadzo, ninayefanya naye kazi, aliinamia hadubini yangu bila kuombwa.

"Huyu mgonjwa ana minyoo ya kufuga," akasema. "Anatoka bara gani?"

"Ni mimi."

Alicheka mpaka akakaa. "Basi bibi harusi, wapeleke wote kwa mumeo. Watu wengi kwenye karamu ni baraka."

Hapa kwetu eosinofili zikipanda ni minyoo, na hakuna anayeuliza la pili. Na mimi niliyesoma sikuuliza. Nimemeza dawa ya minyoo. Kisha nikameza kidonge changu.

Jumamosi, 6 Septemba. Malindi

Nimeingia ndani. Kuanzia leo mpaka Ijumaa sitoki nje wala sipigwi na jua. Chumba cha nyuma, mkeka mpya, mapazia.

Bi Zaina amekuja saa nne na bakuli lake la singo, ule unga wa manukato wa kumsugua mwari. Ndiye somo wangu, anayeniandaa kwa ndoa. Alimsinga Mama, akawasinga dada zangu wawili. Asili yake visiwa vya kaskazini, na maneno yake bado yana chumvi ya huko. Mizani hana. Liwa, karafuu, mawaridi makavu, marashi, vyote kwa kiganja. Husaga mwenyewe kwake, mlango umefungwa. Kisha hujipaka yeye kwanza, ndani ya mkono, tangu alfajiri, na hamgusi mwari mpaka ajue ngozi yake yeye imekubali. Sijui alijifunza wapi. Sisi tulifundishwa jambo hilo hilo chuoni, mwaka wa tatu.

Alinishika kidevu. "Midomo gani hii ya mtu aliyefunga miezi mitatu? Au bwana keshaanza kuinyonya kwa simu?"

Wanawake wakaanguka kwa kicheko. Mama alijifunika uso na leso. Nami nilicheka. Nilisikia kicheko changu kikitoka upande mwingine wa chumba.

Alinisinga mikono, mgongo, miguu. Alipofika kwenye muundi aliona kile kivuli cha kijani. "Hapa uligonga nini?"

"Kitanda, Bi Zaina."

Uongo wa kwanza. Haukunigharimu chochote.

Jumatatu, 8 Septemba

Mikono yote miwili. Kutoka vifundoni hadi viwiko. Nyekundu, ngumu, moto unapanda kama mtu ameshika kaa upande wa ndani. Upande wa kulia una malengelenge. Siwezi kufumba vidole.

Mama alipofunua shuka hakupiga kelele. Alikaa chini.

"Zaina amenichomea mwanangu," akasema.

Mama yake Anwar alikuja adhuhuri. Aliinua leso iliyonifunika kwa ncha za vidole viwili, akatazama, akairudisha. "Tungoje apone. Haraka ya nini?" Kisha akauliza kama uso nao utafika huko.

Wapaka hina walirudishwa mlangoni.

Jumanne, 9 Septemba

Nikaha imeahirishwa.

Mama alimwita Bi Zaina aje ajieleze. Nilikuwa chumbani, kati yetu pazia tu.

"Nieleze ulitia nini," Mama alisema.

"Nilichotia ni kile kile nilichotia kwako, Mwanahawa. Miaka thelathini na mbili. Wewe uliungua?"

"Zamani ulikuwa wasaga mwenyewe. Siku hizi watu wanunua unga wa dukani, wachanganya na madawa ya kujichubua."

Nikamsikia Bi Zaina akilia. Kilio kisicho na sauti kubwa, cha mtu anayeona haya kulia. "Nimekuwa mchubuaji ukubwani," alisema. "Haya."

Nilijua. Bato la mguuni lilitoka wiki tatu na zaidi kabla singo haijanigusa. Lilikuwa bato hili hili. Nilichotakiwa kufanya ni kusogeza pazia.

Ningesogeza pazia, wangeuliza ni nini basi. Ningetoa pakiti. Wangeona picha.

Nilikaa nikahesabu malengelenge. Tisa.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo ndiyo ingekuwa siku yenyewe. Nimekula wali baridi.

Kwenye kundi la simu la wanawake wa harusi, lile tulilofungua kupanga sare na vyakula, kuna mtu ametuma ujumbe wa sauti. Sauti ya upole kabisa. "Jamani, mimi sisengenyi mtu, natahadharisha tu. Wenye wari, hiyo singo ya Bi Zaina iangalieni." Chini yake picha ya mikono yangu. Sijui nani aliipiga. Imekwenda Mambrui, imekwenda Ganda, na huko mbele sijui.

Jumanne, 16 Septemba. Kilifi

Daktari wa ngozi huja kutoka Mombasa Jumanne moja baada ya nyingine. Ndiye aliyenianzishia dawa. Mwanamke wa makamo, ana haraka lakini anasikiliza.

Mama alitaka kuingia nami. Nilimwambia akae nje ashike mikoba. Alikubali, kwa sababu mikono yangu haishiki kitu.

"Hii ya mikononi ilianza lini?"

"Jumatatu."

"Na singo?"

"Jumamosi kabla yake."

"Imewahi kutokea mahali pengine?"

"Mguuni. Agosti."

Akaacha kuandika. "Kabla ya singo."

"Kabla."

"Na vidonge bado wameza?"

"Bado."

Alikata kipande kidogo cha ngozi mkononi, kama punje ya mtama, akashona uzi mmoja. Akaniambia niache vidonge leo, si kesho. Akaniandikia prednisoloni ya kupunguza uvimbe, kipimo cha kushuka kidogo kidogo. Alisema anashuku ni ugonjwa ambao seli za eosinofili huivamia ngozi, na kwa macho unafanana mno na maambukizi. Watu hupewa dawa za bakteria mara tatu nne kabla haujajulikana.

Mama aliniuliza njiani daktari amesemaje. Nikasema, mzio.

"Wa singo."

Nilitazama dirishani. Akalichukua kama jibu.

Alhamisi, 25 Septemba. Kilifi

Majibu. Daktari alinipigia simu nikiwa kazini. Ngozi imejaa eosinofili kutoka juu hadi chini. Hakuna bakteria. Hakuna minyoo popote.

Nilimuuliza kama ni vidonge. Alisema imewahi kuandikwa kwa wagonjwa wachache sana, naye hawezi kuapa. Kisha akasema jambo ambalo limekaa nami mchana kutwa. Kuna ugonjwa mwingine wa ngozi wa seli hizi hizi, unaoshika vinyweleo, na dawa hii hii huwapa nafuu baadhi ya wagonjwa wake. Kwa mmoja inazituliza, kwa mwingine huenda ndiyo iliyoziita. Haijulikani vizuri kwa nini.

"Kwa hiyo si hakika," nilisema.

"Si hakika. Lakini usiimeze tena."

Mikono imenywea. Imebaki na ile rangi ya kijani. Ningepaswa kufurahi. Nimerudi kwenye vioo vyangu vya hadubini nikamaliza kazi ya siku.

Si hakika. Nimeyashika maneno mawili, nikaacha mengine yote.

Jumapili, 5 Oktoba. Malindi

Chunusi tatu kwenye taya. Za ndani kwa ndani. Nazifahamu kama ndugu zangu.

Tarehe mpya imepangwa, mwisho wa Novemba. Anwar ametuma ujumbe mrefu wenye adabu. Anauliza mikono, anaomba dua. Mwishoni, "na uso haukudhurika, alhamdulillahi". Hakuwa na ubaya. Nimeusoma mara sita.

Mama ametafuta somo mwingine, wa Mombasa, singo ya kopo lenye muhuri. Amenieleza huku anachambua mchele kwamba Bi Zaina amekimbiwa na wote. Wari wawili wa hapa mtaani wamemrudisha. Hata yule wa Ganda, ambaye mama yake na Bi Zaina walinyonya ziwa moja. Sasa anauza visheti mlangoni kwake.

"Mungu si Athumani," Mama alisema, akapuliza makapi.

Nilisema nitakwenda kulala.

Jumatano, 8 Oktoba. Kibarani

Nimemeza.

Kimoja jana, kimoja leo. Nilijiambia ni jaribio. Mtu wa maabara hurudia kipimo asichokiamini. Nimeandika saa, nimeandika nilichokula, nimepima damu kabla. Kila kitu sawasawa kama ripoti.

Uongo mwingine. Nilitaka uso.

Ijumaa, 10 Oktoba. Kibarani

Saa kumi na mbili asubuhi mwasho. Saa mbili mkono wa kulia umevimba. Saa tano wa kushoto, na sikio.

Hakuna singo. Hakuna karafuu, hakuna waridi. Chumba kina kitanda, jiko la gesi, mimi.

Kadzo alinikuta nimekaa sakafuni pale maabara. Hakucheka safari hii. Alinitoa damu mwenyewe, akahesabu. Thelathini na tatu.

"Rukia. Umekula nini?"

Nikamwambia. Yote, kuanzia Aprili. Ndiye mtu wa kwanza. Alitazama pakiti, akatazama picha ya mwanamke mja mzito, akaigeuza akasoma maandishi.

"Kwa hiyo yule nyanya ameachishwa kazi kwa ajili ya hii."

Nikasema ndiyo.

"Na wewe ulijua tangu lini?"

Nikasema tangu siku ya kwanza.

Alimpigia daktari kwa simu yake. Daktari alinifokea, kwa haki. Prednisoloni tena. Amesema shaka aliyokuwa nayo sasa ni ndogo mno, na kwamba nina bahati ni ngozi tu.

Jumamosi, 11 Oktoba. Malindi

Nilishuka kituoni nikaenda moja kwa moja kwa Bi Zaina, kabla ya kufika nyumbani. Alikuwa kwenye baraza, sinia la visheti mbele yake limefunikwa kwa wavu.

"Shikamoo, Bi Zaina."

"Marahaba." Hakunikaribisha. Aliitazama mikono yangu kwa muda mrefu. "Nani amekusinga tena?"

"Hakuna."

Nikakaa chini, nikaeleza. Nilieleza vibaya. Nilianza na seli, nikarudi kwenye chunusi, nikaruka nikafika mguuni. Alinisikiliza hadi mwisho akifukuza nzi.

"Siku ile nalia mbele ya mamako," alisema, "ulikuwa wapi?"

"Chumbani."

"Wasikia?"

"Nasikia."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Nikaomba radhi. Nikambusu mkono. Aliuvuta, si kwa ukali.

"Ukija kunitakasa hapa barazani wanisaidia nini? Mimi najijua. Jina langu halikuchafukia hapa, lilichafukia huko kwenye masimu yenu. Chukua visheti viwili, uende."

Nilivichukua. Nilivila njiani. Vilikuwa vizuri sana, na nilivila bila kuhisi kitu.

Jioni nikamwambia Mama. Nikamwonyesha pakiti. Alifanya kile nilichojua atafanya: akaona picha kwanza. Nilipomaliza kueleza, alikuwa bado ameiona picha tu.

Jumapili, 12 Oktoba. Malindi

Mvua ndogo tangu alfajiri. Uvimbe umeanza kushuka. Sikio limerudi kuwa sikio.

Mama hakulala nadhani. Macho mekundu. Alinipikia uji, akanilisha mwenyewe kwa kijiko kwa kuwa vidole bado vigumu. Bakuli likaisha.

Kisha alizungumza kwa utaratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno tangu usiku. Kwamba atakwenda kwa Bi Zaina mwenyewe, leo hii, amwombe radhi, na kunisinga Novemba atanisinga Bi Zaina yule yule. Kwamba watu tutawaambia ilikuwa sabuni. Sabuni ya Kilifi. Dawa isitajwe, maana dawa ikitajwa itatajwa na picha, na picha ikitajwa mama yake Anwar hatangoja maelezo. Nimefikia umri gani nisijue dunia ilivyo. Singo itakuwa imesafishwa na mimi nitakuwa nimestiriwa, wote tumepona.

Mambo yake yote yalikuwa na akili. Kwa sabuni, hata hivyo, watu wangesema Bi Zaina ameombewa msamaha kwa huruma. Huo si usafi.

Alipangusa mdomo wangu kwa ncha ya leso. Akaniuliza, basi tumekubaliana?

Simu yake ilikuwa jikoni, juu ya jokofu, bado hajaiwasha. Yangu nilikuwa nimeizima. Alfajiri, saa kumi na moja, Mama akiwa kwenye msala anaswali, nilikuwa nimeshatuma ujumbe kwenye kundi lile lile la wanawake wa harusi, kwa sauti yangu, dakika mbili na nusu. Nimetaja dawa kwa jina lake mara mbili. Nimetaja mguu na mwezi wa Agosti. Nimesema nilikuwa nyuma ya pazia.